Banasema, na Hamsini na Moja Yangu

Sikiliza, wewe uliyepata hamsini na kitu kidogo. Sogea hapa karibu, uweke simu chini. Matokeo hayatabadilika kwa kuyatazama. Najua umeambiwa nini, kwa sababu mimi pia niliambiwa, na walioniambia walikuwa na sura zilezile za watu wanaokuhurumia huku wakifurahi. Nitakueleza polepole jinsi nilivyoingia kitivo cha sheria hapa Kolwezi nikiwa na asilimia hamsini na moja. Ukiona nawadharau baadhi ya watu nitakaowataja, usidhani nimeteleza. Nawadharau kweli, na nimekuwa na muda wa kutosha wa kufikiri kama wanastahili.

Kwanza nikueleze neno moja, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kiswahili chetu cha Katanga, huku Kongo, kina neno "banasema". Kwingine watu husema "wanasema", na neno linapita tu kama upepo. Kwetu limepewa cheo. Kwetu banasema ni gazeti, ni daktari, ni hakimu. Banasema barabara ya Mutshatsha imekatika. Banasema bei ya cobalt itaanguka. Banasema mke wa fulani ndiye aliyemroga. Ukiuliza hao "ba" ni akina nani, mtu anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Ba ni watu. Ba ni wengi, ba wanajua. Hawana sura wala mtaa, na hawajawahi kukosea hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapata awaulize.

Ukitaka kujua, hata hiyo hamsini na moja nilipewa na banasema. Nilipofika darasa la kuchagua section, yaani mchepuo wa masomo, nilikuwa mtoto wa kusoma chochote na kubishana na yeyote. Mwalimu wa Kifaransa alikuwa amesema niende littéraire, ya lugha. Lakini baba alikuwa amefariki, mama anauza sokoni, na neno la mwisho nyumbani lilikuwa la baba mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa msomi wa ukoo. Babu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na tangu hapo ukoo mzima ulikuwa ukingoja mtu mmoja atakayekaa kwenye kiti cha ofisi. Baba mdogo alipokaa, karani mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, tukaacha kufikiri. Akatamka mezani: "Banasema mines inatafuta paka batu ba bio-chimie." Yaani migodi inataka watu wa biolojia na kemia tu. Wakanipeleka bio-chimie.

Nikakariri. Nilikariri majina na alama za madini yaleyale ambayo malori yalikuwa yakiyapitisha mbele ya dirisha letu pale Musonoi, mchana kutwa, vumbi likiingia mpaka kwenye sufuria, na sikuelewa hata moja. Malori niliyaelewa. Niliona dereva gani anapewa lawama asizostahili, mchimbaji gani anadhulumiwa shimo lake, nani anadanganya mbele ya mkuu wa kitongoji na nani anasema kweli vibaya. Hayo hayakuwemo katika Exetat, mtihani wetu wa serikali wa kumaliza sekondari.

Sasa matokeo. Huku kwetu matokeo ya Exetat yana desturi yake. Aliyefaulu anamwagiwa poudre, ule unga mweupe wa kupaka watoto wachanga, kichwani, usoni, mabegani, mpaka anafanana na mtu aliyeanguka kwenye gunia la chokaa. Kisha anatembezwa mtaani kwa filimbi. Ukikutana na mtu mweupe hivyo unampigia makofi hata kama humjui. Mwaka wetu tulikuwa wawili katika ukoo: mimi, na mtoto wa baba mdogo. Baba mdogo alikuwa amenunua kopo kubwa.

Jibu la binamu yangu lilitangulia kuingia kwenye simu. Sabini na mbili. Baba mdogo akafungua kopo, nusu yake ikamwishia mtoto kichwani. Shangwe, vigelegele, shangazi mmoja akavua kitenge cha pili akakitandika chini mtoto akanyage. Kisha jibu langu likafika. Baba mdogo alikuwa amesimama mbele yangu, kopo mkononi, mkono umeshainuliwa. Nikasema: "Cinquante et un."

Hamsini na moja ni kufaulu, maana mpaka ni hamsini, lakini mkono ukashuka. Alitafuta kifuniko chini ya kiti, akakipata, akakipangusa kwa kidole, akafunga kopo. Akakaza.

"Cinquante et un," akarudia, kama mtu anayesoma jina la ugonjwa. "Mutoto, ile haiko pourcentage. Ile ni huruma ya correcteur."

Yaani hiyo si asilimia, ni msahihishaji aliyenihurumia. Watu wakacheka. Na mimi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu, nikatangaza palepale jambo nililokuwa nalificha: kwamba nataka kusoma droit. Sheria. Kwamba nataka kuwa avoka.

Lazima nikueleze kwa nini walicheka mara ya pili, kwa sauti zaidi. Wakili kwa Kifaransa ni avocat. Na parachichi, tunda lile, nalo ni avocat. Sisi tumeyachukua yote mawili yakawa neno moja, avoka. Na mama yangu, pale sokoni, alikuwa akiuza nini? Binamu, mweupe kama mzimu, meno yakionekana manjano katikati ya poudre, alikuwa wa kwanza kuliona. Aliniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, usihangaike! Avoka biko mingi ku meza ya mama. Chagua yenye iliiva!"

Mama alikuwa ameketi mlangoni. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu: "Mi nauzisha avoka tangu zamani. Hakuna mutu alishaniuliza pourcentage yake."

Baba mdogo akamwinulia kiganja, kumnyamazisha. "Mama, hii ni mambo ya masomo. Mu droit habapokei mutu wa chini ya soixante. Banasema."

Chini ya sitini, yaani. Ndiyo hiyo banasema. Nilisikia neno likitua mezani pamoja na kopo. Nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote, lakini siku hiyo nililisikia kama ufunguo unavyosikika ukigeuka upande wa pili wa mlango. Nikauliza, kwa heshima, kwa sababu bado nilikuwa na heshima, nikamwita tata, yaani baba: "Tata, ba nani?"

"Ba nani nini?"

"Benye banasema."

Alinitazama. Sasa naelewa kwamba hakuwahi kufikiri kwamba jibu linaweza kuhitajika. Wakati ule nilidhani ananionea huruma. "Ba université," akasema. "Batu bote banajua." Kisha akarudi kwa mtoto wake mweupe. Mtu aliyekuwa amepeleka maisha yangu bio-chimie kwa neno hilohilo, na nikapata hamsini na moja kwa ajili yake, hakusita hata kidogo kulitumia tena kunifungia mlango wa pili. Watu wa namna hii si wabaya. Ningewaheshimu zaidi kama wangekuwa wabaya. Ubaya unahitaji kazi kidogo.

Wiki ile nikaenda chuoni. Nataka uelewe kwamba sikwenda kwa ujasiri. Nilienda kwa sababu mama aliniambia niende nikasikie kwa masikio yangu, halafu nirudi kumsaidia kubeba vikapu. Alinipa avoka mbili za njiani, akanipakia kwenye taksi-moto, pikipiki ya abiria.

Nje ya lango la chuo alikuwa ameketi kijana mmoja kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Tulimwita encadreur. Encadreur ni mtu aliyesoma miaka michache kuliko alivyopaswa, akaona kwamba kukaa mbele ya lango kuna faida kuliko kupita ndani yake. Anawaandaa wengine kuingia. Alikuwa na rundo la fotokopi zilizofifia na sauti ya mhubiri. Siku hiyo alikuwa na msikilizaji mmoja, kijana aliyetoka Mutshatsha na begi mgongoni, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya begi ili visiharibike barabarani. Miguuni alivaa kandambili. Ule uangalifu wake wa viatu siusahau.

Encadreur alikuwa akimfundisha jibu la swali la mdomo. "Bakikuuliza ju ya nini droit, unajibu: kutetea mujane na yatima. Rudia."

"Kutetea mujane na yatima," yule kijana akarudia, taratibu.

Mimi sijui wajane wa nchi hii wametoka wapi wote, kwa jinsi kila anayetaka kuvaa toga, joho la wakili, anavyowatetea, na bado wanalala njaa. Lakini nikakaa, nikasikiliza. Kisha encadreur akatuuliza pourcentage zetu. Kijana wa Mutshatsha akasema hamsini na nane. Mimi nikasema yangu.

Encadreur akakusanya fotokopi zake, akazipigapiga kwenye goti zikae sawa. "Ah, ba frère. Ingekuwa muzuri munaniambia mbele. Mu droit, chini ya soixante, banasema hapana. Hata kuingia secrétariat habakuache."

Mbele, yaani mapema. Ona jinsi alivyofanya. Alikuwa ameshamfundisha mjane na yatima. Alikuwa ameshapokea alichopokea. Kisha, kwa neno moja, akamfukuza mteja wake bila hata kuinuka kwenye kiti. Na kijana yule, hamsini na nane, saba zaidi ya zangu, akainamisha kichwa na kumshukuru. "Aksanti, yaya," akasema. Akaweka begi sawa mgongoni, akaondoka kuelekea barabarani.

Mimi nilibaki. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilibaki, maana nisingependa kukudanganya kwamba nilikuwa na akili kuliko yeye. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa jambo hilohilo na baba mdogo, kwa maneno yaleyale na soixante ileile, na nikashangaa kwamba mtu wa lango la chuo hajui zaidi ya karani wa Musonoi. Baba mdogo alikuwa amesema ni ba université. Huyu alikuwa amekaa mlangoni kwa ba université, mgongo umegusa ukuta wao, na yeye pia anasema "banasema". Nikamuuliza: "Yaya, ba nani?"

"Ba secrétariat," akasema, tayari akimwita mwingine.

Nikaingia secrétariat, ofisi ya usajili. Hakuna aliyenizuia. Kulikuwa na mama mmoja nyuma ya meza, feni dogo likimpulizia shingoni, karanga kwenye kipande cha gazeti. Nikamwamkia, nikamwambia nataka droit, nikamwambia pourcentage. Hakuinua macho.

"Chini ya soixante, hapana."

"Mama, nani alisema?"

"Banasema vile."

Nilijua atasema hivyo, na bado nilishtuka. Kwa sababu, fikiria pamoja nami: huyu ndiye. Huyu ndiye "ba" wa encadreur. Nilikuwa nimemfikia ba mwenyewe, ana feni na karanga, na yeye pia ana ba wake.

"Mama, samahani. Ba nani?"

Sasa akainua macho. "Weye! Unataka kuwa avoka mbele ya kuingia?" Mwenzake wa meza ya pili akacheka. "Ba faculté. Panda kule yulu, ukabaulize bo benyewe. Kama bakikufukuza, usirudie hapa kulia."

Alidhani ananiadhibu. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana nilichopewa na mtu yeyote katika jambo lote hili: ngazi. Nikapanda.

Juu nikamkuta makamu wa mkuu wa kitivo, au, kama tulivyozoea kuwaita wote, Prof. Viatu vyake viling'aa kana kwamba vumbi la Kolwezi halimhusu. Alikuwa anatoka, funguo mkononi. Nikamsimamisha njiani, nikaeleza haraka: bio-chimie, hamsini na moja, droit, na kwamba chini wanasema kitivo kimesema hapana.

Alisimama. "Mi? Mi nilisema?"

"Banasema, Prof."

"Chini ya soixante wanafanya test," akasema, kwa Kiswahili cha taratibu, kama anavyosemeshwa mgeni. "Ya kuandika, kisha ya mdomo mbele ya jury. Iko hivi tangu faculté ilianza. Test ni wiki ijayo. Kila mwaka wanakuja wachache tu. Sijui vijana wanaogopa nini."

Nikamwambia wanaogopa nini. Nikamwambia kuhusu mama wa feni, na encadreur, na kijana aliyerudi Mutshatsha sasa hivi. Nilidhani atashuka nami. Nilidhani atapiga simu. Prof alitikisa kichwa, akatabasamu, akafunga mlango wake kwa ufunguo.

"Batu ba Kolwezi," akasema. "Banasemaka sana."

Akaenda zake kula. Watu walikuwa wanafukuzwa mlangoni kwake kwa jina lake, mwaka baada ya mwaka, na yeye akaiona kama tabia ya kuchekesha ya mji wetu. Kati ya wote wanne, huyo ndiye ninayemdharau kuliko wengine. Baba mdogo hakujua. Encadreur alikuwa na tumbo la kulisha. Mama wa feni alikuwa amechoka. Prof peke yake ndiye aliyejua ukweli, ulikuwa mikononi mwake, na alichohitaji kufanya ni kushuka ngazi.

Nilishuka mimi. Nilikimbia mpaka langoni, kijana hayupo. Nikamuuliza encadreur, akasema hajui jina lake, hakumuuliza. Dereva wa taksi-moto akasema: "Ule wa bilato ku mufuko? Nimemuacha ku malori." Wa viatu kwenye begi, yaani. Nikapanda pikipiki yake palepale tukaenda kwenye maegesho ya malori ya njia ya magharibi. Lori lilikuwa limeondoka. Niliwauliza wapakiaji kama wanamjua. Mmoja akasema labda mtoto wa muuza makala, yaani mkaa, fulani, mwingine akasema hapana. Nikawaachia ujumbe: test ni wiki ijayo, hamsini na nane inatosha. Waliitikia kwa wema wote, kama watu wanavyoitikia mwendawazimu.

Hakuja. Siku ya test nilitazama kila kiti.

Ya kuandika ilikuwa insha ya Kifaransa, nikaifanya vizuri, kwa sababu kubishana kwa maandishi ndicho kitu pekee nilichokuwa nimejifunza kwa hiari. Ya mdomo ndiyo iliyokuwa na hofu. Tuliingia mmoja mmoja mbele ya jury, jopo la watu watatu. Prof alikuwepo katikati, na mwanamke mmoja wa makamo, hakimu aliyekuwa akifundisha pale jioni, alikuwa pembeni. Waliotangulia walitoka wakitokwa jasho, wakinong'ona kwamba wametaja mjane, wametaja yatima, na jury haikufurahi.

Mimi sikuulizwa kwa nini droit. Hakimu alinipa kisa. Nakieleza kama alivyokieleza. Kwenye shimo la wachimbaji, motopompe ya kukausha maji imeibwa. Jirani wa shimo la pili anashtakiwa. Wamekuja mashahidi wanne, watu wazima, waaminifu, kanisani wanajulikana, na wote wanne wanasema mwizi ni yeye. "Weye ni juge," akasema. "Unahukumu namna gani?"

Ungeniuliza valence ya cobalt ningekufa pale. Lakini hili lilikuwa la dirishani kwetu. Na wiki nzima nilikuwa nimebeba swali moja tu kichwani. Hata lisingekuwa jibu, ndilo pekee lililokuwa tayari ulimini.

"Mama juge, hao wanne, waliona, ao walisikia?"

Akanitazama. "Walisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu. Banasema ni yeye."

"Ba nani?"

Prof akacheka kidogo. Hakimu hakucheka. "Hatujui," akasema hakimu.

"Basi sina mashahidi wanne," nikasema. "Sina hata mmoja. Niko na mtu mmoja tu mwenye kusema, na huyo mtu hajafika mahakamani. Nawaambia hao wanne wamlete. Kama hawamjui, wamwache jirani arudie kwenye shimo lake."

"Na kama ni mwizi kweli?"

"Anayejua ataje jina lake, asimame hapa, tumuulize aliona nini."

Akaandika kitu. Wa tatu akaniuliza nilipata ngapi Exetat. Nikasema. Hakimu akamwambia, bila kuinua kichwa: "Hatuko tunahukumu Exetat."

Nataka nikutahadharishe hapa, kwa sababu najua utakuwa unafikiri: basi siku hiyo nilikuwa hodari. Sikuwa. Nilikuwa na swali moja. Wengine mle ndani walikuwa na akili nyingi kuliko zangu na walizitumia zote kukumbuka majibu ya mtu aliyekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Sitaki kukupa jibu la kukariri mahali pa lile la mjane. Nataka uone tu kwamba ulichokiishi mwenyewe kinaweza kukaa mbele ya jury kama kiti, ukakikalia.

Nilipokelewa. Jina langu lilisomwa kwenye ua, kwa sauti, na mama wa feni ndiye aliyelisoma, akalisoma vibaya.

Jioni hiyo baba mdogo alifika kwetu na kopo. Lilelile, alikuwa ameliweka. Nusu ilikuwa bado imo ndani. Alikuwa amefurahi kweli, na hilo ndilo jambo la kuchosha kuhusu watu hawa, kwamba furaha yao ni ya kweli. Alisimama mlangoni, akafungua kifuniko, akatangaza kwa mtaa:

"Mutoto yetu ameingia droit! Banasema jury ilishangaa!"

Sikuweza kujizuia. "Tata, ba nani?"

Jirani aliyekuwa akifua akacheka mpaka akakaa chini. Baba mdogo alibaki na mkono juu, kama mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitafuta ndani ya kichwa chake kitu ambacho hakikuwemo. Mama akainuka, akapokea kopo mkononi mwake kwa mikono miwili, kwa adabu yote, akasema aksanti sana, tata. Akalifunga. Kesho yake akaliweka mezani sokoni, kati ya avoka, akaliuza kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Huyo ndiye mtu pekee aliyeitumia poudre ile kwa kazi yake.

Leo mimi ni avoka. Ninakwenda mahakamani hapa Kolwezi, na kila wiki nasikia mashahidi wanne na banasema yao, na kila wiki nauliza swali lilelile, na mawakili wenye sabini na themanini zao wanakereka kwa sababu kesi inarefuka. Baba mdogo ananiletea watoto wa marafiki zake niwashauri. Anawaambia banasema mimi ni mkali.

Yule wa Mutshatsha sijampata. Nilipita huko mara mbili kwa kesi za mashamba, nikauliza, lakini unamtafutaje mtu ambaye unachokijua juu yake ni hamsini na nane na viatu vilivyofungwa kwenye begi? Huenda yuko sawa. Huenda ana maisha mema kuliko yangu. Lakini gunia la makala likishushwa mbele ya nyumba yangu, namtazama usoni aliyelibeba kabla sijamsalimu, na kama ni wa umri wetu namuuliza alipata ngapi. Wananiona mtu wa ajabu.

Yeye alishukuru, akaondoka. Hilo tu ndilo lililomtofautisha nami.

Kwa hiyo wewe, kesho asubuhi, vaa vizuri, ule kitu, uende chuoni mwenyewe. Mtu wa kwanza atakayekuambia "banasema", muulize "ba nani?", kisha nyamaza na usiondoke mbele yake mpaka ataje mtu. Ukishatajiwa, nenda kwa huyo, umuulize vilevile.